Nina laki moja na nusu: ninunue mashine gani ya kuchongea vifuu?

*"Mimi ni mwalimu hapa Tanga. Jioni na wikiendi natengeneza hereni, vifungo na vikombe vya vifuu vya nazi, na siku hizi nimeanza kuchonga majina kwenye vipande vya mpingo. Kazi yote naifanya kwa msumeno wa chuma, tupa na msasa, na vidole vimechoka. Nimetenga shilingi 150,000 ninunue ile mashine ndogo ya mkononi inayozunguka kwa kasi. Muuzaji mmoja ananiambia nichukue yenye wati nyingi na kisanduku cha vipande 200. Mwingine anasema niachane nayo, ninunue grenda au drili ya kawaida nifunge biti ndogo. Kaka yangu yuko Marekani, anasema atanitumia Dremel yake ya zamani, mimi nitafute adapta tu. Na kuna zile za kuchaji kwa waya wa simu, bei poa. Naishi vyumba viwili na mtoto wa miaka minne. Ninunue ipi isiyonifia mkononi baada ya mwezi?"*

Mwalimu, hongera kwa kazi na pole kwa vidole. Nimelisoma swali lako na nimeona hofu yako kubwa ni pesa kupotea. Laki moja na nusu inauma, na bila shaka umeshasikia habari za mashine zilizotoa moshi wiki ya pili. Hofu hiyo ni ya haki. Ila nyingi ninazoletewa zimeungua hazikuuawa na kiwanda. Ziliuawa na mkono uliozikandamiza, na mara nyingi mwenye mkono alikuwa ametoka kwenye tupa na msasa, kama wewe, ambako bila kukandamiza hakuna kinachotoka. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, tuelewane kwanza mashine hii inafanyaje kazi.

Ndani yake kuna mota ndogo ya kaboni, jamaa moja na mota ya blenda na ya drili: koili inayozunguka katikati, koili zilizotulia pembeni, na vipande viwili vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye ile inayozunguka. Mota hii ni nyepesi na ina mbio za ajabu, hufika mizunguko 30,000 na zaidi kwa dakika. Lakini nguvu yake ya kusokota ni ndogo mno. Chukua drili ya wati 500 inayozunguka mara 2,800 kwa dakika, uiweke kando ya mashine ya wati 130 inayozunguka mara 33,000. Ukigawa wati kwa mizunguko, drili inaizidi kwa kusokota kama mara 45. Ndiyo maana drili ikikwama inaweza kukupinda kiwiko, na hii ikikwama inasimama tu na kunguruma.

Faida yake iko kwenye mwendo wa meno. Biti ya milimita 3 ina mzingo wa karibu milimita 9 na nusu. Ukiifunga kwenye drili ile, meno yake yanasafiri kama mita 26 kwa dakika. Kwenye mashine ndogo yanasafiri zaidi ya mita 300. Kila jino linakwangua unga kidogo sana, lakini meno yanayopita ni mengi kiasi kwamba kifuu kinaliwa mbele ya macho yako bila wewe kusukuma. Ukisukuma, mwendo unashuka. Mota inavuta umeme mwingi zaidi, na umeme huo unageuka joto kwenye waya za koili. Wakati huohuo feni ya kupozea, ambayo imefungwa kwenye shina lilelile la mota, nayo imepunguza kasi. Joto linapanda huku upepo unapungua. Vanishi inayokinga waya inaanza kuungua, unasikia ile harufu, na ukiendelea dakika chache tu mashine imekwisha.

Ukishalielewa hilo, ushauri wa muuzaji wa kwanza unaporomoka wenyewe. Wati zilizoandikwa kwenye boksi ni umeme ambao mashine inavuta ukutani. Hazikuambii ni kiasi gani kinafika kwenye ncha ya biti, na kwenye boksi za bei rahisi mara nyingine zimeandikwa kwa ukarimu. Kwa hereni na majina ya mpingo, kati ya mashine ya wati 130 na ya wati 170 hutahisi tofauti yoyote. Vivyo hivyo usivutwe na ile yenye mizunguko mingi kuliko zote dukani, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yako itafanyika kati ya 10,000 na 20,000. Kinachotofautisha mashine ya kukaa nayo na ya kutupa ni mambo mengine: kama shina linazunguka likiwa limenyooka, kama kuna gurudumu la kupunguza spidi na linashuka kweli, kama koleti, yaani kile kishikio cha biti kwenye ncha, inashika biti sawasawa, na kama kaboni zinaweza kubadilishwa. Boksi haliandiki hata moja kati ya hayo. Itabidi uyapime mwenyewe kaunta, na nitakueleza namna.

Muuzaji wa pili ana ukweli kidogo. Drili ya kawaida inatoboa tundu za hereni vizuri tu, na kama unayo usiitupe. Lakini ukiifungia biti ya kuchongea, meno yanapita taratibu mno, biti inarukaruka na kung'ata, na drili yenyewe ni nzito kuishika kama kalamu. Kuhusu grenda, sitakuzunguka: ondoa wazo hilo. Grenda ya kawaida inafungwa diski ya milimita 115, imetengenezwa kukata nondo, na kifuu cha hereni mbele yake kinaruka kabla hujajua kimeelekea wapi. Vidole vinavyokishika viko sentimita mbili kutoka hapo. Ukifika dukani useme unataka dremel, hata kama utanunua ya kampuni nyingine, maana ukisema grenda ndogo utaletewa grenda.

Dremel ya kaka ndiyo imenifanya nilichukue swali lako mapema, kwa sababu ndiyo inayoelekea kukutia hasara. Umeme wa nyumbani Marekani ni wa volti 120, wetu ni wa 230. Adapta ya plagi inabadilisha umbo la pini tu, volti inaziacha kama zilivyo. Mota ya volti 120 ukiipa 230, umeme unaopita ndani yake unakaribia kuwa mara mbili na joto karibu mara nne. Itapiga kelele ya kutisha, mwendo utapitiliza, na kwa kawaida haimalizi hata dakika. Watu wengine watakutisha kwamba tatizo ni hezi 60 dhidi ya hezi 50 zetu. Kwa mota ya kaboni hilo halina madhara. Shida ni volti. Ukiitaka mashine ile kwa lazima, utahitaji transfoma ya kushusha volti yenye uwezo usiopungua wati 300, na transfoma hiyo inakula sehemu nzuri ya bajeti yako na ni mzigo mzito kubeba. Ikiwa ya kaka ni ya betri, hesabu inabadilika: mwambie asome kibandiko cha chaja, na kikisema 100 hadi 240V, basi inachaji hapa bila wasiwasi.

Kama anataka kukusaidia kwa dhati, mwombe atume biti. Biti nzuri ni nyepesi, zinaingia kwenye bahasha, na kipimo cha shina ni kilekile, milimita 3.2 au 2.4, popote ulipo. Kwa maoni yangu zawadi hiyo itakufaa kuliko mashine.

Zile ndogo za kuchaji kwa waya wa simu sizidharau kama wengine wanavyozidharau. Ndani zina betri moja ndogo ya volti 3.7 na mota ya wati chache. Kwa kung'arisha hereni iliyokwisha, kuandika jina kwenye kijiko cha aluminiamu, au kuchora mstari mwembamba, zinafaa, hazina kelele, na ukifanya kazi yenye maji hazina umeme wa ukutani wa kukurusha. Lakini ziweke kwenye ukingo wa kifuu kikavu uone. Zinasimama. Utarudi kwenye tupa ukiwa umepungukiwa na hela. Inunue baadaye kama mashine ya pili.

Kuna njia nyingine ambayo hukuitaja, nayo masonara wanaijua siku nyingi: mota inaning'inia kwenye ndoano juu ya meza, nguvu inashuka kwa waya mrefu unaopindika ndani ya mpira, na mkononi unashika kipande chembamba tu, spidi ukiipandisha kwa mguu. Foredom ya Bethel, Connecticut, inatengeneza mitambo hiyo tangu 1922, na leo kuna za Kichina za bei ya chini sana. Ina nguvu ya kusokota zaidi, na mkono hauchoki kwa mtetemo wala joto la mota. Ingekuwa hereni ndizo zinazokulisha, ningekwambia ukusanye pesa miezi kadhaa ununue hiyo. Kwa jioni na wikiendi kwenye vyumba viwili, ambako kila kitu lazima kirudi kabatini mtoto asikifikie, inaleta usumbufu.

Basi jibu langu ni hili: nunua mashine ya waya ya volti 230, ya wati kati ya 130 na 180, yenye gurudumu la spidi, ya kampuni ambayo ina duka na vipuri hapa nchini. Ingco na Total (ya vifaa vya ufundi, si ile ya mafuta) zipo karibu kila mji mkubwa, na kwa mtu wa bajeti yako ndizo za kuanzia kuangalia. Sisemi hivyo kwa sababu ni bora duniani. Nasema hivyo kwa sababu kaboni zikiisha au swichi ikifa utapata mahali pa kwenda. Dremel yenyewe ni kampuni ya zamani, ilianzishwa na Albert Dremel mwaka 1932 huko Racine, Wisconsin, na tangu 1993 iko chini ya Bosch. Ni mashine nzuri. Ila ukiuziwa Dremel mpya kwa laki moja na nusu, tena na kisanduku kilichojaa, kuwa na mashaka; jina hilo linabandikwa kwenye vitu vingi. Mashine isizidi laki moja. Elfu hamsini inayobaki ni ya biti, miwani na barakoa, na usikubali muuzaji aimeze.

Sasa tuko kaunta. Omba iwashwe, na duka likikataa kuiwasha, toka. Kabla ya kuchomeka, kagua ubavuni kama kuna vifuniko viwili vidogo vya mviringo vyenye mfereji wa bisibisi, kimoja kila upande. Hapo ndipo kaboni zinapotolewa. Ukiviona, ujue mashine inaweza kuhudumiwa. Usipoviona, kaboni zikiisha itabidi ifumuliwe yote. Uliza papo hapo kama wana kaboni za akiba, ununue jozi moja, ni kitu kidogo.

Halafu shika koleti kwa vidole, uitikise huku na huku. Isicheze hata kidogo. Funga biti yenye shina laini, zungusha kwa mkono taratibu, na utazame ncha yake dhidi ya ukuta mweupe. Ncha ikae mahali pamoja. Ikichora kaduara, toa biti, igeuze robo mzunguko, funga tena. Ikiendelea kuchora kaduara kwa biti ya pili na ya tatu, shina au koleti imepinda. Mashine ya hivyo itakutetemesha vidole mpaka vife ganzi, itavunja biti nyembamba, na beringi zake hazitadumu. Rudisha, omba nyingine ya boksi tofauti. Hata kampuni ileile, mashine mbili kutoka rafu moja hazifanani.

Ichomeke. Gurudumu likiwa chini kabisa inatakiwa ianze polepole, na mlio upande kadiri unavyogeuza. Zipo ambazo gurudumu ni pambo, ukiwasha zinaanzia juu. Achana nazo, kwa sababu mpingo utauunguza kila siku. Pandisha hadi juu uiache nusu dakika. Mlio wa kuvuma ni sawa, wa kukwaruza sio. Ukichungulia kwenye matundu ya hewa, cheche ndogo za bluu penye kaboni ni za kawaida, ila pete ya moto wa njano inayozunguka ni ugonjwa. Usishtuke ukiona waya wake una nyuzi mbili tu bila ya erthi. Tafuta kwenye kibandiko alama ya mraba ndani ya mraba. Maana yake mwili wa mashine umekingwa mara mbili na hauhitaji erthi. Chukua risiti ya EFD. Bila hiyo, waranti ni maneno.

Kisanduku cha vipande 200 nakijua kwa sura, na wewe utakijua ukikifungua: vijiwe vya rangi ya waridi vinavyolika kwa dakika mbili, diski nyembamba za kukatia ambazo zinavunjika ukizitazama vibaya, pamba ngumu za kung'arishia, na misumeno ya mviringo ambayo nakuomba uitoe kabisa. Msumeno ule mdogo ukibana kwenye mbao, mashine inaruka mkononi. Kwa kazi yako unahitaji vitu vichache vizuri. Biti mbili za kabaidi (metali ngumu kuliko chuma cha kawaida), moja ya duara ndogo na moja iliyochongoka, hizo ndizo za majina na za kuchonga. Kipipa cha msasa cha milimita 13 na pete zake, namba 80 ya kula, 120 ya kulainisha, 240 ya kumalizia. Kwa vifuu hiki ndicho kitakachokufanya ushukuru. Biti za kutoboa za milimita 1 na 1.5. Pamba ya kung'arishia, ambayo kisanduku kidogo kinachokuja na mashine kitakuwa nayo. Biti za almasi zinauzwa rahisi kwa seti, nazo zinavutia, lakini zimetengenezwa kwa ajili ya kioo, vigae, mawe na kombe za baharini. Kwenye mbao mapengo yake yanazibwa na unga, halafu zinaanza kuunguza badala ya kukata.

Ukiwa nyumbani, msumeno wa chuma usiustaafishe. Kukata kifuu vipande bado utakata haraka zaidi kwa msumeno kuliko kwa diski, na bila moshi. Mashine ianzie kwenye kuunda umbo. Ukingo wa hereni uguse kipipa kwa uzito wa kidole kimoja, spidi ya kati, huku ukiusogeza wakati wote. Ukiona weusi na harufu ya kuungua, ama spidi iko juu ama pete ya msasa imekufa. Badilisha pete kwanza. Hereni usiishike kwa ncha za vidole. Ibandike kwenye kipande cha ubao kwa utepe wa gundi ya pande mbili, au ibane kwenye jiliwa dogo. Tundu litoboe kwa spidi ya chini, chini yake pakiwa na ubao wa kutupa, ukiingiza na kutoa biti ili unga upate njia.

Mpingo ni mnyama mwingine. Ni mzito hadi unazama majini, una mafuta, na haupendi joto. Shuka hadi mizunguko kama 10,000 hadi 15,000, andika jina kwa penseli, kisha lipite kwa biti ya duara mara tatu au nne, kila mara ukizama kidogo tu. Anayetaka kuzama mara moja ndiye anayeniletea mota iliyoungua. Utaona pia biti inataka kukimbilia upande mmoja, hasa ikikutana na nyuzi za mbao. Ukiitazama mashine kwa nyuma inazunguka kufuata mwendo wa saa, kwa hiyo kuna upande ambao biti inajivuta yenyewe na upande ambao inakupinga. Fanya mazoezi kwenye kipande kibovu mpaka mkono ujue upande unaokupinga ni upi, halafu mistari yako muhimu uivute kuelekea huko. Mistari inatoka imenyooka zaidi.

Biti uiingize ndani hadi mwisho, kisha uirudishe nje kama milimita mbili, ndipo ukaze nati. Shina refu likiachwa nje linapinda kwa kasi ile na kuchapa. Kitufe cha kufungia shina kisiguswe mashine ikiwa inazunguka, hata kwa bahati mbaya. Kila baada ya dakika kumi au kumi na tano ya kazi inua biti juu, iache mashine izunguke bure kwa kasi nzuri kwa dakika moja. Watu wengi huizima ikiwa ya moto, joto linabaki ndani. Ikizunguka bure feni inaipoza.

Brashi za waya zina mpaka wake: kwa kawaida zisizidi mizunguko 15,000. Zikizidi, zinaanza kutema sindano. Diski ya kukatia ya milimita 32 kwenye mizunguko 33,000, ukingo wake unasafiri karibu kilomita 200 kwa saa, kwa hiyo ikivunjika vipande vinaondoka na mwendo huo. Ndiyo sababu miwani imo kwenye bajeti na si kitu cha kununua baadaye. Iwe inayoziba pembeni. Miwani ya kusomea haitoshi. Glavu usivae, wala mtandio, wala shati la mikono mipana, wala kamba ya kitambulisho shingoni. Kitu chochote kinachoning'inia kinavutwa na kusokotwa. Nywele zifungwe.

Vumbi nalipa uzito zaidi ya watu wengi, hasa kwa sababu ya mtoto. Unga unaotoka hapa ni mwembamba kuliko wa msumeno. Hauanguki chini ukatulia, unaelea. Vumbi la mpingo huwawasha watu wengine ngozi na kuwabana kifua, na likianza kukuathiri huwa linazidi kila ukirudia. La vigae na mawe ni baya zaidi, lina silika inayoharibu mapafu kimyakimya kwa miaka. Barakoa ya kitambaa inazuia mate, haizuii unga huo. Nunua ya daraja la N95 au FFP2. Chumbani mnapolala usifanyie kazi hii kabisa. Toka uani au barazani, upepo ukiwa mgongoni, mtoto akiwa na mtu mwingine, na nguo za kazi uzikung'ute nje. Siku ukijaribu kombe, fanya kwa biti ya almasi na matone ya maji ili vumbi lisiruke, lakini kwa ile ya betri, isiyounganishwa na ukuta. Na kombe uyachague ya kuokota. Gamba la kasa usilishike, ni kosa la jinai.

Kabla ya kutoa pesa, pita kwa sonara hapo mjini siku isiyo na wateja wengi, umwombe akuachie dakika tano ushike mashine yake. Ukifika Dar, wachongaji wa Mwenge nao hawana hiyana. Dakika tano hizo zitakufundisha uzito wa mkono kuliko aya zangu zote. Fundi umtafute ana kwa ana ikiwa mashine inanuka hata ikizunguka bure, ikiwa pete ya njano imetokea kwenye kaboni, ikiwa inakurusha hata kidogo, au ikiwa soketi unayotumia inapata joto. Hilo la mwisho ni la fundi umeme wa nyumba, na usiendelee kuitumia hadi aje. Vidole vikifa ganzi au kuwa vyeupe baada ya kazi, pumzika siku kadhaa. Vikirudia, nenda kituo cha afya.

La jicho halingoji. Kipande kidogo cha chuma kilichoruka kwa kasi kinaweza kutoboa na kuingia ndani ya jicho kikaacha maumivu madogo tu, mtu akadhani kimetoka. Usisugue, usimpe jirani akitoe kwa ncha ya khanga au njiti ya kiberiti. Lifunike bila kulibana, uende hospitali yenye kitengo cha macho siku hiyohiyo, na uwaambie ulikuwa unatumia mashine ya kuzunguka, ili wapige picha na kutafuta.